Mwambao wa Rumonge na Majaribio Ambayo Hakuna Aliyeyapanga

Jaribio la asili, katika taaluma ya afya ya jamii, ni tukio ambalo mtafiti hakulipanga wala hana uwezo wa kulizuia, lakini linawagawa watu pande mbili: walioguswa na hatua fulani na wasioguswa. Bomba la maji linafika mtaa mmoja na kuuruka wa pili. Ada ya matibabu inafutwa leo, na waliougua jana walishailipa. Mkoa mmoja unaanza utaratibu mpya miaka minne kabla ya jirani yake. Anayetaka kujua kama hatua hiyo iliokoa maisha hutazama pande zote mbili na kulinganisha, huku akijihadhari na mengine yote yaliyokuwa yakibadilika wakati huohuo. Kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura kupita Rumonge hadi Nyanza-Lac, migawanyiko ya namna hiyo imetokea mara nyingi kwa zaidi ya miaka 100. Ni mara chache sana iliandaliwa kipimo mapema, na hilo ndilo lililoamua nini kilijulikana baadaye na nini kilipotea moja kwa moja.

Sura ya nchi ina mchango wake. Mwambao huu ni sehemu ya Imbo, ukanda mwembamba wa tambarare yenye joto, uliobanwa kati ya ziwa upande wa magharibi na milima inayopanda ghafla upande wa mashariki. Rumonge, takriban kilomita 75 kusini ya Bujumbura, ni mji wa mawese na wa ndagala, wenye wasemaji wengi wa Kiswahili na undugu wa siku nyingi na Ujiji na Kigoma. Mtu anaweza kuondoka ufukweni asubuhi na mapema na kufika vilimani kabla jua halijawa kali, na kwa mwendo huo mfupi amehama kutoka maji ya ziwa hadi maji ya chemchemi, na kutoka nchi ya mbung'o, kichocho na kipindupindu hadi nchi ambako maradhi hayo hayapandi. Mgawanyiko huo unavutia kwa mwenye kutaka kulinganisha, lakini una mtego ndani yake. Watu wa ziwani na watu wa milimani wanatofautiana pia kwa chakula, kazi, safari, kipato na idadi ya wageni wanaolala kwao. Ugonjwa ukipungua bondeni baada ya hatua fulani, kulinganisha na mlimani peke yake hakutoshi. Panahitajika bonde jingine linalofanana na hilo, ambalo hatua haikulifikia.

Kampeni kubwa ya kwanza ya serikali dhidi ya ugonjwa kwenye mwambao huu ilikuwa ya malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuangamiza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa Uganda peke yake makadirio ya vifo hadi mwaka 1906 yanapita 200,000. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha Entebbe kwamba mbung'o ndiye anayesambaza vijidudu vyake. Mwaka 1906 Robert Koch alifika Visiwa vya Sese na kuwachoma wagonjwa Atoxyl, dawa yenye aseniki ndani yake. Mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine alithibitisha kwamba kijidudu hukua ndani ya mbung'o kwa siku kadhaa kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Malale yalipojitokeza Tanganyika, serikali ya Wajerumani ilifungua kambi za wagonjwa mwambaoni, zikiwemo za Usumbura (Bujumbura ya leo) na Nyanza, na kuamuru vichaka vikatwe kando ya vijito, vivuko na fukwe za kutulia mitumbwi, kwa sababu mbung'o wa ukanda huu hukaa kwenye kivuli kilicho karibu na maji.

Kazi ya kambi ilianzia shingoni. Wajerumani waliajiri wenyeji waliopita vijijini wakipapasa tezi za watu nyuma ya shingo. Aliyekutwa na tezi zilizovimba alipelekwa kambini, akachomwa sindano ya kunyonya majimaji kidogo kwenye tezi ileile. Tone likawekwa juu ya kioo, na daktari akatazama kwa darubini kama vijidudu vilikuwamo vikijinyonganyonga. Waliokuwa navyo waliandikwa daftarini na kuanzishiwa Atoxyl, sindano baada ya sindano kwa miezi. Dawa ilikuwa kali. Koch alipoongeza kipimo kule Sese, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Habari za namna hiyo husafiri upesi kuliko mitumbwi, na watu wengi wa mwambao walijificha mpapasaji alipokaribia, au walitoroka kambini baada ya sindano chache.

Kwa macho ya leo, miaka ile ilikuwa na jaribio la asili la kiwango kikubwa mno. Upande wa Uganda, Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka mwambao wa Ziwa Viktoria na visiwa vyake. Upande wa Wajerumani, watu walibaki na wakatibiwa, na vichaka vikakatwa. Ugonjwa ulikuwa mmoja, mbung'o mmoja, watu wa maisha yanayokaribiana, na serikali mbili zenye hatua mbili tofauti. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni ipi iliyookoa watu wengi zaidi, na sababu zake zinafaa kutazamwa kwa makini kwa kuwa zimejirudia mwambaoni hadi leo.

Kwanza, hapakuwa na hesabu ya watu kabla ya kuanza. Madaftari ya kambi yalijua waliotibiwa. Hayakujua wangapi walikuwa kijijini, wangapi walikwisha kufa, na wangapi walivuka ziwa kwenda Kongo. Pili, aliyetoroka kambini alitoka pia kwenye hesabu, na huenda ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi au aliyedhuriwa zaidi na dawa. Tatu, kambi, sindano, ukataji wa vichaka na amri za kuhama vilikwenda pamoja kwenye maeneo yaleyale, hivyo hata pale ugonjwa ulipotulia haikuwezekana kusema kipi kilifanya kazi. La nne ndilo zito kuliko yote: kipimo chenyewe cha mafanikio kilikosewa. Atoxyl huondoa vijidudu kwenye damu kwa muda, hivyo kioo cha darubini huonekana safi, wakati ugonjwa unaendelea ndani ya ubongo. Kambi iliyohesabu vioo visafi ilijihesabia waliopona ambao wengi wao walikuwa bado njiani kufa. Kisha vita vilikuja, na mwaka 1916 Wabelgiji wakaichukua Usumbura. Kampeni ya Wajerumani ilikatika kabla haijapimwa, na sehemu kubwa ya Imbo ikabaki na watu wachache kwa miaka mingi.

Mfano wa namna ya kupima ulikuwapo tayari nusu karne kabla ya kambi hizo. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoishika London, daktari John Snow aligundua kwamba katika mitaa ya kusini ya mji kampuni mbili za maji zilikuwa zimetandaza mabomba yao mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pa kuchotea maji mwaka 1852, ikapanda juu ya mto Thames kuliko mahali maji machafu ya mji yalipoingilia. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota palepale. Wateja wa kampuni hizo walikuwa majirani, matajiri kwa maskini, na wengi hawakujua hata maji yao yanatoka kampuni ipi. Snow alihesabu nyumba na vifo: vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall, na 37 kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth. Hakugawa maji yeye. Alichofanya ni kutambua kwamba mgawanyo ulikuwa umefanyika bila kujali nani ni nani, na kwamba idadi ya nyumba ilikuwa inapatikana. Vitu hivyo viwili, mgawanyo usiofuata hali ya watu na hesabu ya watu wote, ndivyo mwambao wa Tanganyika ulivyovikosa wakati wa malale.

Kipindupindu chenyewe kilifika Burundi mwaka 1978. Wimbi la saba la dunia lilianzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika Magharibi mwaka 1970, na miaka minane baadaye likawa limefika kwenye maziwa ya bonde la ufa. Burundi iliguswa kwenye vijiji vya kandokando ya Ziwa Tanganyika na mto Ruzizi, kisha ugonjwa ukanyamaza miaka 14. Ulirudi mwaka 1992, kati ya Januari na Mei, na ukafuata njia ileile: ziwa na mto, vilimani hapana.

Rumonge ilipata kipigo kikubwa mwaka huo. Kati ya Aprili 9 na Mei 31, watu 318 walilazwa kwa kipindupindu mjini hapo. Wachunguzi wa Burundi na wenzao kutoka Marekani walichukua wagonjwa 56 na kumtafutia kila mmoja watu wawili wasiougua wa kumlinganisha naye, jumla 112, wakawauliza wamekunywa nini, wameoga wapi, wamekula nini. Waliougua walikuwa wamekunywa maji ya ziwa na kuoga ziwani kuliko wenzao, na kadiri mtu alivyoligusa ziwa kwa njia nyingi zaidi ndivyo hatari ilivyopanda. Kijidudu cha kipindupindu kilipatikana kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Kwenye Ruzizi hakikuonekana. Ripoti ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1997.

Huo ulikuwa uchunguzi mzuri, na unabaki kuwa msingi wa kila kinachosemwa juu ya kipindupindu cha Rumonge. Lakini ulijibu swali moja tu, yaani ugonjwa unatoka wapi. Haukujibu, wala haukukusudia kujibu, kama kuweka bomba mtaa fulani kungepunguza wagonjwa, na kwa kiasi gani. Tofauti hiyo husahauliwa mara kwa mara. Kujua kwamba maji ya ziwa ni hatari hakumwambii waziri kama fedha alizonazo ziende kwenye bomba, kwenye klorini ya kugawa majumbani, au kwenye kituo cha kutibu wagonjwa. Mama wa Rumonge anayefua na kuogesha watoto ziwani hawezi kuambiwa aliache ziwa bila kupewa maji mengine, na maji mengine yana gharama, na gharama inahitaji hoja. Hatua iliyofaa kufuata ilikuwa kuchora mitaa ya mji, kuandika wagonjwa wa kila mtaa kwa miaka kadhaa, na kungoja mabomba yatandazwe mtaa kwa mtaa. Badala yake, Oktoba 1993 rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwambao wa kusini ulimwaga watu wake Tanzania kwa mara ya pili, baada ya ule mkimbio wa 1972 ulioanzia maeneo hayohayo ya Rumonge na Nyanza-Lac.

Jibu la swali lililoachwa Rumonge lilikuja kutoka upande wa pili wa ziwa. Uvira, mji wa Kongo unaoonekana kutoka Bujumbura hewa ikiwa safi, una kipindupindu karibu kila mwaka. Maji yake ya bomba yanatoka mto Mulongwe, yanasafishwa na shirika la maji la Regideso, kisha yanasukumwa mjini kwa umeme. Umeme ukikatika, pampu zinasimama. Mvua kubwa ikiujaza mto matope, mtambo unasimama pia. Siku hizo wakazi wengi hushuka na ndoo hadi ziwani au mitoni.

Watafiti, wakiongozwa na Aurélie Jeandron wa chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London, waliona kwamba mji huo ulikuwa na madaftari mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyaweka mezani pamoja. La kwanza lilikuwa la kituo cha kutibu kipindupindu: kila mgonjwa aliyelazwa, tarehe aliyoingia, umri wake na mtaa anakotoka. La pili lilikuwa la mtambo wa maji: kiasi kilichosukumwa mjini, siku baada ya siku. Wakayaoanisha kwa tarehe, kwa miaka kadhaa kuanzia 2009, wakapima nini hutokea kwa idadi ya wagonjwa katika siku 12 zinazofuata siku isiyo na maji. Muda huo una maana yake: lazima mtu achote, anywe, kijidudu kikue, augue, kisha aambukize wengine nyumbani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015 katika PLoS Medicine, yalikuwa wazi. Siku isiyo na maji kabisa ilifuatiwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu, ikilinganishwa na siku ambayo mtambo ulitoa maji ya kutosha. Takriban asilimia 23 ya wagonjwa wote wa kipindi hicho wangeweza kuhesabiwa kwenye upungufu wa maji ya bomba.

Nguvu ya utafiti huo iko kwenye chanzo cha mgawanyo. Umeme unapokatika haumchagui anayekaribia kuugua. Mji ni mmoja, watu ni walewale, mji wa kulinganisha ni Uvira yenyewe siku nyingine. Palibaki tishio moja kubwa, nalo ni mvua, kwa sababu inaweza kusimamisha mtambo na wakati huohuo kusambaza uchafu kwa njia yake yenyewe. Kwa hiyo mvua na majira ya mwaka vikaingizwa kwenye hesabu. Tena walitazama mtaa kwa mtaa, na athari ikaonekana kubwa zaidi pale wakazi walipotegemea bomba zaidi, kama inavyotarajiwa iwapo bomba ndilo sababu. Udhaifu uliobaki ni kwamba wagonjwa walikuwa wa kushukiwa. Wengi hawakupimwa maabara. Hata hivyo, kwa mji kama Rumonge, wenye ziwa lilelile na maisha yanayofanana, hakuna ushahidi ulio karibu kuliko huu.

Majaribio ya asili hayaishii kwenye maji. Burundi imetoa mengine katika namna ya kulipia matibabu, na mawili kati yake yanafaa kuwekwa sambamba kwa sababu moja lilipimika vizuri na jingine kwa shida. Mwaka 2002 serikali iliwataka wagonjwa wa sehemu nyingi za nchi walipe gharama kamili za matibabu. Sehemu nyingine zilitoza ada moja nafuu, na nyingine chache zilitibu bure kwa msaada wa mashirika. Mwaka 2004 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilichapisha uchunguzi wa kaya uliolinganisha mifumo hiyo mitatu, ukaonyesha jinsi gharama kamili zilivyowafukuza maskini kwenye zahanati na kuwaacha wengine wakiuza mali na kukopa. Ripoti hiyo ilizua mjadala mkubwa. Tarehe 1 Mei 2006 rais Pierre Nkurunziza akatangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa wanawake wanaojifungua.

Hatua hiyo ilianza nchi nzima siku moja. Vituo vya afya vilifurika, akina mama wakalala wawili kitanda kimoja, na hakuna mwenye macho aliyeweza kukana kwamba kitu kikubwa kimetokea. Lakini kwa mpimaji, nchi nzima kuanza siku moja ni tatizo: hapabaki mkoa wa kulinganisha. Kinachobaki ni kabla na baada, na kipindi hicho ndicho amani ilipokuwa inarejea, wakimbizi wanarudi, na barabara zinafunguka. Nani angesema ni ada iliyofutwa au ni bunduki zilizonyamaza?

Jaribio la pili lilikuja pole pole, na hapo ndipo palipokuwa na faida. Mwishoni mwa 2006 ulianza utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kwa kadiri ya huduma vinazotoa na ubora wake: fedha kwa kila mama aliyejifungulia kituoni, kwa kila mtoto aliyekamilisha chanjo, baada ya madaftari kukaguliwa. Ulianzia mikoa michache, ikiwemo Bubanza na Cankuzo, ukaongezwa mikoa mingine kwa awamu, na Aprili 2010 ukaenea nchi nzima na kuunganishwa na matibabu ya bure. Awamu hizo zilipangwa kwa sababu za fedha na utawala, siyo za utafiti. Igna Bonfrer na wenzake wa chuo kikuu cha Erasmus, Rotterdam, walitambua kwamba uchunguzi wa kitaifa wa kaya wa mwaka 2010 ulimuuliza kila mama habari za watoto aliowazaa miaka 5 iliyotangulia. Kwa hiyo kila mkoa ulikuwa na kabla yake na baada yake, na kwa kila mwaka palikuwa na mikoa iliyokwisha kuingia na ambayo haijaingia. Hesabu yao, iliyochapishwa mwaka 2014, ilionyesha kwamba uwezekano wa mama kujifungulia kituoni ulipanda kwa takriban pointi 5 za asilimia pale utaratibu ulipokuwapo tangu mwanzo wa mimba yake. Ilionyesha pia kwamba faida iliwafikia wenye nafuu kuliko maskini kabisa, jambo ambalo wastani wa taifa ungelificha.

Kutokana na visa kama hivi, duniani kote, njia ya kupanga tathmini za namna hii imeandikwa. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa mwongozo wake mwaka 2012, na kiini chake hakihitaji hesabu ngumu kukielewa. Swali huandikwa kabla takwimu hazijafunguliwa: hatua gani, kwa nani, tunatarajia nini kibadilike na baada ya muda gani. Kundi la kulinganisha huchaguliwa kwa kuonyesha kwamba kabla ya hatua mwenendo wake ulikwenda sambamba na wa kundi lililoguswa. Hutafutwa pia tokeo ambalo hatua haipaswi kulibadilisha. Kama bomba jipya linaonekana kupunguza kipindupindu na pia mifupa iliyovunjika, basi kinachopimwa siyo bomba. Huenda ni kituo kilichofungwa au daftari lililopotea. Mpango mzima huwekwa wazi mapema, ili mtafiti asije akachagua baada ya kuona matokeo.

Linalochukua muda mrefu zaidi, na ambalo mwambao wa Rumonge unalihitaji kuliko yote, ni hesabu ya watu na mipaka. Burundi ilihesabu watu mwaka 1979, 1990, 2008 na 2024. Kati ya 1990 na 2008 palipita vita, na baada ya 2002 wakimbizi wapatao nusu milioni walirejea kutoka Tanzania, wengi wao mikoa ya kusini. Asemaye kwamba wagonjwa wa kipindupindu Rumonge waliongezeka au walipungua kati ya miaka hiyo bila kusema watu waliongezeka kiasi gani hajasema chochote. Mipaka nayo imehama. Hadi 2015 Rumonge ilikuwa komine ya mkoa wa Bururi. Mwaka huo ukaundwa mkoa wa Rumonge kwa kuchukua Rumonge, Burambi na Buyengero kutoka Bururi, na Muhuta na Bugarama kutoka Bujumbura vijijini. Mabadiliko ya utawala ya mwaka 2025 yaliifanya nchi kuwa na mikoa 5 badala ya 18, na Rumonge ikaingia mkoa wa Burunga. Kila badiliko kama hilo linavunja mfululizo wa takwimu za mkoa. Dawa yake ni kuandika wagonjwa kwa kilima na mtaa, kwa sababu vilima kwa kawaida huhamishwa vikiwa vizima kutoka komine moja hadi nyingine, na mfululizo unaweza kujengwa upya kutoka chini.

Ziwa lenyewe limekuwa likibadilika pia. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda na kuvamia fukwe, nyumba na vyoo kuanzia Gatumba hadi kusini, Rumonge ikiwemo. Kwa wakazi hilo ni janga. Kwa tathmini yoyote ya maji na usafi ni badiliko linalogusa mitaa ya ufukweni na kuiacha ya juu, tena kwa wakati uleule ambao mitaa ya ufukweni ndiyo inayopewa kipaumbele cha misaada. Kulinganisha chini na juu kutaonyesha kwamba misaada imeleta ugonjwa. Kinga ya kosa hilo ni kuandika urefu wa maji ya ziwa na tarehe ya mafuriko ya kila mtaa kando ya tarehe ya kila msaada.

Pia yapo maswali ya haki. Jaribio la asili halimnyimi mtu kitu ambacho angepata, na ndiyo maana linakubalika pale ambapo kuwagawa watu kwa kura hakukubaliki. Lakini madaftari ya wagonjwa yana majina na makazi ya watu halisi, katika nchi ambako orodha za majina zimewahi kutumika vibaya. Utaratibu wa kawaida ni kuondoa majina kabla madaftari hayajatoka kituoni, kubakiza mtaa, umri na tarehe, na kuwarudishia matokeo wahudumu walioyaandika.

Uvira ilionyesha pia kwamba kupanga mapema hakumalizi kazi. Baada ya utafiti wa 2015, ukarabati wa mtandao wa maji uliandaliwa pamoja na tathmini yake: mitaa ingeunganishwa kwa zamu, na mpangilio wa zamu kuamuliwa kwa kura. Ujenzi ulichelewa kwa miaka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuharibu sehemu kubwa ya mji. Ripoti iliyotoka mwaka 2024 haikuficha hayo. Ilieleza kwamba maboresho yalifika pungufu na kwa kuchelewa, kwamba hesabu kuu haikutoa uthibitisho thabiti wa kupungua kwa wagonjwa, na kwamba mahali maji yalipoongezeka kweli palikuwa na dalili za ugonjwa kupungua. Watafiti waliweza kusema hivyo kwa sababu vipimo vya maji ya kila eneo vilikuwapo pamoja na vipimo vya haraka vya kuthibitisha kipindupindu kwa wagonjwa waliolazwa, yaani lile daftari la watu wa kushukiwa lililokuwa udhaifu wa 2015 lilikuwa limekwisha kurekebishwa.